Kauli ya Mtu Mmoja Jukwaani: Uteuzi na Uhifadhi wa Monolojia kwa Mwigizaji wa Mkomani

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu muundo wa maonyesho, migogoro ya wahusika na uhusiano wa jukwaa na siasa. Jambo moja limepita kando bila kuguswa. Mwigizaji anapoitwa kusailiwa, akatakiwa asimame peke yake mbele ya watu watatu au wanne wasiomjua na kutoa kauli ya dakika mbili, achukue kauli ipi? Suala hili huonekana kuwa la ufundi tu, linalofaa kuachiwa waongozaji. Makala haya yanashikilia kuwa ni suala la uhakiki, kwa sababu kuteua kauli ni kufasiri matini, na kuihifadhi ni kuifasiri mara ya pili. Kiswahili chenyewe kinaelekea kulikiri hilo, maana neno ni moja, kuhifadhi, kwa kukitunza kitu kisipotee na kwa kukitia moyoni.

Mfano unaotumika hapa ni wa Mkomani, sehemu ya kaskazini ya mji wa Lamu, au Amu kama wenyewe wauitavyo. Huko ndiko kulikosongamana majumba ya mawe yenye madaka mbele na zidaka kutani, na ndiko ushairi mrefu wa Kiswahili ulikotungwa, ukanakiliwa na kughaniwa kwa karne kadhaa pamoja na Pate na Siyu. Mawe ya mji huo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Maneno yake, kwa sehemu kubwa, bado yanategemea vifua vya watu. Kijana wa Mkomani anayekwenda kusailiwa Mombasa au Nairobi huwa na kumbukumbu iliyofunzwa tangu chuoni, na sikio lililozoea vina. Aghalabu, hata hivyo, atafungua kitabu alichosomeshwa shule ya upili na kuchukua hotuba ya kwanza inayojaza ukurasa. Hapo ndipo penye tatizo.

Istilahi zifafanuliwe kwanza. Monolojia ni kauli ndefu ya mhusika mmoja, awe anasikilizwa na wengine jukwaani au hasikilizwi. Uzungumzaji nafsi ni aina mojawapo ya kauli hiyo, ambapo mhusika husema na moyo wake. Tofauti hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa katika chumba cha usaili hakuna mhusika wa pili. Mwenye kuchukua kauli inayoelekezwa kwa mtu hana budi kumuumba mtu huyo kutokana na hewa tupu, na mwenye kuchukua uzungumzaji nafsi hana budi kujigawa nafsi mbili. Kazi hizo mbili hazifanani, na kila moja huhitaji matini ya namna yake.

Kwa hiyo vipimo vya kufaa kwa kauli ni vitatu: kauli inaelekezwa kwa nani, msemaji anataka nini kutoka kwake, na ni wapi ambapo hali ya msemaji inageuka. Kauli isiyo na mgeuko ni nasaha au simulizi, na msaili akiisikia atajua tu kama sauti ni nzuri.

Vitabu vya shule

Tafsiri za Shakespeare zilizotoka katika miaka ya 1960 zingali zinapendwa. Mwalimu Julius Nyerere alitoa Julius Caezar mwaka 1963, akaipitia upya na kuichapisha tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968. Hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari ndiyo huchukuliwa zaidi, na ndiyo huharibika zaidi. Hotuba hiyo si kauli ya mtu mmoja. Ni mapambano ya mtu mmoja na umati unaomkatiza, unaogawanyika na unaobadilika mbele ya macho yake. Antoni hupima kila jibu la umati kabla hajatupa neno lijalo. Mwigizaji akiyafuta majibu hayo ili apate dakika mbili mfululizo, kinachobaki ni khutba. Isitoshe, tafsiri ya Nyerere haina vina, na kijana aliyefunzwa kukumbuka kwa vina hujikuta hana pa kushika. Ugumu huo una faida yake, kama itakavyoonyeshwa, lakini faida hiyo haipatikani kwa hotuba iliyokatwa ulimi wa pili. Uzungumzaji nafsi wa Makbeth unafaa zaidi kwa sababu haupotezi kitu mhusika anapoachwa peke yake.

Ebrahim Hussein anahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Katika Kinjeketile (1969) kuna mahali pawili panapovutia wasailiwa. Pa kwanza ni pale Kinjeketile anapotoka akiwa amepandwa na Hongo, akawatangazia watu umoja na ushindi. Ni pahali pa sauti kubwa na mwili unaotetemeka, na wasailiwa wengi huparukia kwa sababu hiyo. Ila ufundi wa Hussein haumo katika tangazo lenyewe. Umo katika yale yafuatayo, pale nguvu zinapomwacha, Kitunda akamkumbusha kuwa miongoni mwa aliyoyatamka ni kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye akaanza kushuku maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Mwigizaji anayeigiza kupandwa bila kuigiza shaka amechukua ngozi na kuiacha nyama. Pa pili ni mwishoni, gerezani, anapotakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uwongo naye akakataa, kwa hoja kwamba ukiri huo ungegeuzwa kuwa ushahidi kwamba vita vyote vilikuwa uwongo. Hapo hakuna kelele. Kuna mtu aliyepigwa, anayejua kuwa hana hakika na maji, na anayejua vilevile kuwa hana ruhusa ya kusema hivyo. Kwa mwigizaji kijana hii ni bora mara kumi kuliko ile ya kwanza, ingawa haimpi nafasi ya kupaza sauti.

Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zilitungwa zikiwa na msemaji mmoja tangu mwanzo. Ingetarajiwa basi kuwa ndizo jibu la swali la makala haya. Hazijawa jibu kamili. Msemaji wake ni mtambaji anayeingia na kutoka katika sauti nyingi, naye hubaki na uhuru wa mtambaji: anajua hadithi inakokwenda. Msailiwa akizitumia ataonyesha wepesi wa sauti na uwezo wa kuhodhi jukwaa, mambo yasiyodharauliwa. Atakachoshindwa kuonyesha ni mhusika aliyenaswa asiyejua neno lake litampeleka wapi.

Hazina iliyo nyumbani

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir husomwa kama shairi la mawaidha, na ndivyo lilivyo. Lakini likisomwa kwa jicho la jukwaa, ni uzungumzaji nafsi uliokamilika kuliko wowote ulioandikwa baadaye katika tamthilia ya Kiswahili. Mtunzi anausemesha moyo wake, anaukemea, anauuliza, na moyo haujibu. Ukimya huo ndio mhusika wa pili. Kila swali lisilojibiwa humlazimisha msemaji kuongeza hoja, na hoja kubwa kuliko zote ni ya macho: majumba ya wakwasi wa Pate yaliyong'aa kwa taa, yenye zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure, ambamo sasa ndege wanalea makinda na popo wananing'inia. Msemaji hatangazi huzuni. Anaonyesha kidaka, kisha anaonyesha kilichomo.

Mwigizaji wa Mkomani ana bahati isiyonunulika hapa. Anajua kidaka kiko kimo gani ukutani, mkono hunyooka vipi kukifikia, na chumba cha ndani kina giza la namna gani saa za alasiri. Akiufikia ubeti huo katika chumba kitupu cha usaili, macho yake yatakwenda mahali penyewe bila kutafuta. Mwigizaji wa kutoka bara aweza kuyajifunza hayo, ila itambidi ajifunze.

Kuna pingamizi, nalo si la kupuuzwa. Wapo watakaosema kuwa shairi la toba halifai kuigizwa, na kwamba kulipeleka mbele ya wasaili wa mchezo ni kulivunjia heshima. Jibu limo ndani ya shairi. Sayyid Abdalla hakuandika mawaidha kwa watu moja kwa moja, bali alimuunda msemaji na moyo wake, akaacha wasomaji wasikilize ugomvi wa hao wawili. Mwigizaji anayeingia katika nafasi ya msemaji huyo anatenda lile ambalo matini inamtaka kila msomaji alitende kimoyomoyo. Heshima itavunjwa na mwigizaji atakayetafuta sifa kwa kilio. Vilevile ni busara kuziacha beti za mwisho zinazoeleza adhabu ya akhera, kwa sababu hapo msemaji hageuki tena; ameshafika.

Idadi na mpangilio wa beti za Al-Inkishafi hutofautiana kati ya miswada, na matoleo ya William Hichens (1939) na James de Vere Allen (1977) hayawi sawa kwa kila neno. Kwa mwanafilolojia hilo ni tatizo. Kwa msailiwa ni funzo kuwa shairi limekwisha kupita mikononi mwa watu walioteua kabla yake, naye anapochagua beti kumi hafanyi jambo geni. Anachodaiwa ni kueleza kwa nini kumi hizo na si nyingine.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una faida nyingine. Unaanza kwa amri. Mama mgonjwa, ambaye ugonjwa umemshika mwaka mzima, anamwita bintiye akae karibu, alete wino na karatasi, kwani ana neno la kumwambia. Katika beti chache hizo yamekwisha wekwa yote anayohitaji mwigizaji: nani anasema, nani anasikiliza, kuna umbali gani kati yao, vitu gani viko mkononi, na kwa nini leo na si kesho. Watunzi wengi wa tamthilia hutumia kurasa kumi kufika hapo.

Kasoro ya wasailiwa wanaoutumia utendi huu ni kuyaendea moja kwa moja mafunzo ya namna ya kumtunza mume, wakayatoa kama orodha. Wasomaji wa leo wanagawanyika juu ya sehemu hiyo. Baadhi huiona kuwa mafunzo ya utiifu tu; Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliupa utendi usomaji unaosikiliza kejeli iliyomo na mamlaka ya mwanamke anayesema. Mhakiki aweza kuziweka rai hizo mbili upande kwa upande na kuondoka. Mwigizaji hawezi. Akifumbua kinywa atakuwa ameamua ikiwa mama anaamini kila neno, au anaamini baadhi, au anamfundisha bintiye jinsi ya kuishi katika nyumba ambayo yeye mwenyewe ameielewa vizuri mno. Uamuzi wowote kati ya hiyo waweza kutetewa. Usioweza kutetewa ni kutoamua, na ndio usikikao mara nyingi. Mama huyu, isisahauliwe, anakufa na anajua. Mjane wa Bwana Mataka wa Siyu hakuwa mwanamke asiyeijua dunia.

Matini ya tatu huenda ndiyo inayofaa kuliko zote, nayo ndiyo isiyochukuliwa kabisa. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhamadi Kijuma wa Lamu aliyatia katika utenzi mwaka 1913, shujaa amefungwa gerezani Pate. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, na walinzi hukinyang'anya kilicho kizuri. Liyongo anampa Saada ujumbe kwa mama: aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wataudharau mkate wa makapi, nao utamfikia.

Kauli hii inasemwa na mtu aliye chini ya ulinzi. Anachokitaka ni uhai wake, na hana ruhusa ya kuonekana anakitaka. Anamsemesha mtumwa, lakini maneno ni ya mama, na masikio yaliyo karibu ni ya adui. Wasikilizaji watatu kwa kauli moja! Msailiwa anayeweza kumfanya msaili aone ni neno gani limeelekezwa kwa nani, huku sauti yake ikibaki ya mtu anayelalamikia chakula, amekwisha kuthibitisha kila kinachohitaji kuthibitishwa. Hakuna hotuba ya Antoni inayompa nafasi kama hiyo.

Mahadhi na kumbukumbu

Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani minane, yaani silabi 32, na kina cha kipande cha mwisho hurudi katika kila ubeti hadi utendi umalizike. Mstari wa Al-Inkishafi una mizani kumi, umekatika baada ya sita, na ubeti wake una silabi 40. Kwa mwendo wa usemi wa utulivu, beti kumi na mbili za utendi, au kumi za Al-Inkishafi, hujaza takriban dakika mbili. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuhifadhi. Wapo wanaohifadhi beti thelathini kisha wakaharakisha.

Namna ya kuhifadhi iliyozoeleka Lamu ni ya sikio. Tendi hughaniwa kwa mahadhi, na mwenye kusikia mara kadhaa hujikuta anaandamana na mghani. Teknolojia haikuibadili desturi hiyo, iliipa miguu tu: Wasiya wa Mabanati, aliouandika Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir (Ustadh Mau) wa Lamu mwaka 1974, ulisambaa kwa kaseti na kuingia katika majumba ambamo kitabu kisingefika. Nguvu ya njia hii haina shaka. Kina humvuta msemaji mbele kama kamba ya jahazi, na mahadhi humwambia neno lililopotea lilikuwa na urefu gani hata kabla hajalikumbuka.

Lakini njia hiyohiyo humfunga mwigizaji. Aliyehifadhi kwa mahadhi hawezi kusimama ila mahali mahadhi yanaposimama. Mwambie anyamaze katikati ya kipande cha tatu, amtazame Saada, kisha aendelee, naye hulazimika kurudi mwanzo wa ubeti. Kumbukumbu yake imo katika wimbo, haimo katika nia ya msemaji. Hapa ndipo ugumu wa tafsiri isiyo na vina unapoonyesha faida yake: mwenye kuhifadhi nathari au ushairi huru hana njia ila kukumbuka kwa kufuata fikra, hili likizaa lile. Mwigizaji wa Mkomani anahitaji kumbukumbu zote mbili, na kwa mpango huu: ahifadhi kwa mahadhi mpaka matini ikae, kisha aivunje. Aiseme bila mahadhi akifanya kazi ya mikono, akitengeneza nyavu au akichambua mchele. Aieleze kwa maneno yake mwenyewe, ubeti kwa ubeti, mpaka ajue kila ubeti unataka nini. Arudi kwenye maneno ya mtunzi. Vina vitakuwepo bado, ila vitakuwa vimeshuka chini ya usemi, kama mkuku wa chombo usioonekana.

Suala la lahaja haliwezi kuepukwa. Msailiwa huogopa kuwa wasaili hawataelewa Kiamu, kwa hiyo husanifisha. Mato huwa macho, ndiya huwa njia, mayi huwa maji, moya huwa moja. Mwandishi wa insha aweza kufanya hivyo bila hasara kubwa. Katika utendi, neno likibadilika mwishoni mwa kipande, kina kimekufa, na kina kikifa, kumbukumbu iliyotegemea kina hicho inayumba. Wasailiwa wengi waliokwama katikati ya ubeti hawakusahau. Walikuwa wanatafsiri huku wanakumbuka, na akili haikumudu kazi mbili. Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), aliyetunga Sambo ya Kiwandeo kwa Kiamu na ambaye pia ndiye aliyelibuni neno runinga kwa ajili ya Kiswahili cha wote, alionyesha kwa kazi yake kuwa mtu mmoja aweza kuitumikia lahaja na lugha sanifu bila kuichanganya moja ndani ya nyingine. Msailiwa naye aiache matini katika lahaja yake. Msaili asiyejua maana ya ndiya ataielewa ikiwa msemaji anajua anakokwenda.

Limebaki swali ambalo halikuulizwa sana: je, mvulana aweza kuchukua Utendi wa Mwana Kupona, na msichana kauli ya Liyongo? Kijuma, mwanamume, aliunakili utendi wa Mwana Kupona kwa mkono wake kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, na hakuna aliyemwambia kuwa sauti ile si yake. Ama kauli ya Liyongo, tangu mwanzo imesafiri kwa ulimi wa mwanamke. Saada ndiye aliyeibeba kutoka gerezani hadi kwa mama, neno kwa neno, akiwapita walinzi, bila karatasi. Msichana wa Mkomani akiamua kuisema kauli hiyo kama Saada njiani, akiirudiarudia ili asiisahau, huku akijua kuwa neno moja likipotea mkate utaokwa bila tupa, atakuwa ameigiza kuhifadhi kwenyewe, na wasaili watakuwa na sababu ya kuinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao.